Chumvi ya Shahidi wa Kwanza

Nchi yenyewe iliitwa Ng'ambo. Jina hilo ilipewa na Mfalme, ambaye siku moja, akiwa barazani kwake, alinyoosha kidole kuelekea baharini akasema, "Na ile ya ng'ambo nayo ni yangu," karani wake akaandika. Wenyeji walilipokea jina bila kinyongo, ingawa wao walikuwa hapa hapa kwao na aliyekuwa ng'ambo ni Mfalme. Walikuwapo pia watu wa bara, walioishi katika nchi hiyo kabla ya wote na waliokuwa na jina lao la kuiita, lakini hao walikwisha hamishwa kwa bunduki na hakuna aliyekumbuka kuwauliza.

Watu wa Ng'ambo walimpenda Mfalme mno, kwa kuwa hawakupata kumwona hata siku moja. Alikuwa mbali mwendo wa miezi sita kwa meli, na miezi sita mingine kurudi. Akiugua, walimwombea afya alipokwisha pona. Akipata mtoto, walipiga mizinga mtoto akiwa anatambaa. Mapenzi yalikwenda hivyo, bila ugomvi, mpaka ulipoingia mwaka wa Amri ya Karatasi.

Amri ilikuwa fupi. Kuanzia siku ile, hakuna jambo litakalohesabiwa kuwa limetokea Ng'ambo mpaka liandikwe kwenye karatasi ya Mfalme, yenye simba wa Mfalme na nta nyekundu ya Mfalme, iliyotoka huko huko kwa Mfalme. Mtoto asiye na karatasi hajazaliwa. Bibi harusi asiye na karatasi ni mgeni tu aliyekuja kulala. Na mtu asiye na karatasi ya kufa hajafa. Anayemzika mtu ambaye hajafa, amri ilieleza kwa upole, ni mwuaji, naye atanyongwa.

Bi Mwanasiti wa mji wa Chumvini aliisikia amri hiyo ikisomwa sokoni, akaitikia "Aishi Mfalme" pamoja na wenzake, akarudi kazini. Kazi yake ilikuwa kutia nyama chumvi. Nyama yote waliyokula mabaharia wa manowari za Mfalme ilipita mikononi mwake, na watu walisema kwamba nyama ya Bi Mwanasiti huzunguka dunia mara mbili na kurudi na rangi ile ile ya siku ya kuchinjwa. Mumewe, Kitwana, ndiye aliyetengeneza mapipa. Walikuwa wameishi hivyo miaka thelathini, yeye akitia, mume akifunga.

Wiki ya tatu baada ya amri, Kitwana akapatwa na kwikwi.

Ilimwanza Jumatatu, tonge likiwa mkononi. Walimnywesha maji kichwa kikiwa chini. Walimpigia bati kisogoni. Jirani mmoja akamdanganya kwamba nyumba inaungua, Kitwana akacheka, kwikwi ikazidi. Alikuwa mtu mpole ambaye hakujua siasa hata ya kusingiziwa, na kosa lake kubwa duniani lilikuwa kupiga mluzi akila. Alhamisi adhuhuri alisema, "Mwanasiti, hii sasa imeni—" na sentensi ikaishia hapo.

Ada ya Ng'ambo, kabla ya Mfalme na baada yake, ni kwamba maiti halali ndani zaidi ya usiku mmoja, na mjane havui kaniki yake nyeusi mpaka asikie udongo wa kwanza ukigonga ubao wa kaburi. Bi Mwanasiti alivaa kaniki yake akaenda kwa Liwali. Huyu Liwali ni mtu aliyetumwa na Mfalme kuja kuwapenda watu wa Ng'ambo kwa niaba yake.

"Shikamoo, Mtukufu," alisema Bi Mwanasiti. "Mume wangu amekufa."

"Nani kasema?"

"Mimi, Mtukufu. Na yeye mwenyewe, ukimtazama."

"Mama," Liwali alisema, akiikunja mikono juu ya tumbo, "shida ya Ng'ambo ndiyo hii. Watu wanakufa ovyo, kila mtu kwa wakati wake, bila kumwarifu mtu. Kufa ni jambo zuri, Mfalme halipingi. Lakini lina utaratibu wake. Tutapeleka ombi kwa Waziri wa Vifo vya Ng'ambo."

"Na karatasi itafika lini?"

"Mwaka mmoja. Kama Waziri hayuko mawindoni."

"Mwaka, Mtukufu! Na joto hili?"

"Mweke pahali pa baridi."

"Chumvini hakuna pahali pa baridi."

"Hilo," Liwali alisema kwa huzuni ya kweli, "mngelifikiria kabla ya kufa."

Bi Mwanasiti alirudi nyumbani akakaa ukumbini karibu na mumewe mpaka jua likahama mlangoni. Mtu mwingine angemzika kwa siri akangoja kitanzi. Mtu mwingine angemwacha aoze. Yeye alikuwa na ufundi, na mwenye ufundi hawezi kutazama kitu kikiharibika mbele yake. Akaenda kiwandani akachagua pipa zuri kuliko yote, ambalo Kitwana alilitengeneza kwa ajili ya meza ya nahodha mkuu, akaanza. Alimsugua chumvi ya mawe kwapani na magotini, alikokuwa akimkanda enzi za baridi yabisi, akampanga, akamwekea jiwe la kukandamiza. Alilia kazi nzima. Machozi yaliangukia chumvini, naye hakuyafuta, kwa kuwa hayo nayo ni chumvi.

Mwaka ulipotimia, jibu likaja. Waziri wa Vifo vya Ng'ambo alifurahi sana kupokea ombi la ndugu Kitwana la kutaka kufa. Kwa masikitiko, ombi hilo halikuwa na saini ya mwombaji. Mwombaji aweke saini mwenyewe mbele ya mashahidi wawili, aeleze sababu za uamuzi wake, na aseme kama amekwisha jaribu njia nyingine.

Bi Mwanasiti akaufungua mfuniko, akakitoa kidole gumba cha mumewe, akakipaka wino na kukigandamiza pale palipotakiwa. Alama ilitoka safi kabisa.

"Unaona?" Liwali alimwambia akiupuliza wino ukauke. "Akitaka anaweza."

Ombi likapanda meli tena.

Mwaka huo wa pili ndipo Bwana Shekue alipoanza kupenda uhuru. Bwana Shekue alikuwa na shamba la miwa lisilokwisha kwa macho, na watu mia mbili waliomwita Bwana kwa sababu aliwanunua. Mpaka hapo alikuwa rafiki mkubwa wa Mfalme. Lakini amri ya karatasi haikubagua: mtu aliyenunuliwa bila karatasi, ilisema, hajanunuliwa. Bwana Shekue alipoelewa kwamba mtu anaweza kukaa shambani kwake mwaka mzima akifyeka miwa bila kuwa mtumwa halali, dhamiri ilimchoma hata akakosa usingizi. Akasimama barabarani akatamka neno ambalo halikupata kusikika Ng'ambo: dhuluma.

Alikuja kwa Bi Mwanasiti na umati nyuma yake. Mbele yake alitangulia Mabruki akiwa amebeba kiti cha kupandia, kidau cha wino na kalamu. Mabruki alikuwa mtumwa wake, mtu wa makamo, mwenye ndevu, mpole wa sauti, na mwenye mwandiko mzuri kuliko wote nchini. Hotuba zote za Bwana Shekue yeye ndiye aliyeziandika, maana mwandiko wa Bwana mwenyewe ulifanana na uwanja uliochakurwa na kuku.

Bwana Shekue alipanda kitini akalielekezea pipa kidole.

"Enyi watu wa Ng'ambo! Dhuluma imetufuata hadi pipani! Nani huko kwa Mfalme anatusemea? Nani anakaa kwenye lile baraza wanakotutungia amri? Hatuna mtu barazani!"

"Mimi nina mtu pipani, bwana," Bi Mwanasiti alisema. "Huyo ndiye ninayetaka aondoke."

"Ataondoka, mama! Siku tutakapojitawala, kila mtu atamzika amtakaye, pahali atakapo, saa atakayo! Mabruki, andika hilo."

Mabruki akaandika. Umati ukashangilia, ukamwaga nusu gunia la chumvi, ukaenda zake.

Mabruki alirudi siku ya pili, alipotumwa mjini kununua wino, akamkuta mama huyu anahangaika na lile jiwe la pipa. "Shikamoo, mama," alisema, akalinyanyua. Tangu hapo akawa anapita kila alipotumwa. Hakuwa na maneno mengi. Siku moja tu, akiwa ameshika mfuniko, alisema, "Mama yangu mimi alitupwa baharini, tulipokuwa tunaletwa huku. Sikuruhusiwa kupanda juu kuona ni wapi. Wewe walau wako unajua alipo."

"Najua, mwanangu," alijibu Bi Mwanasiti. "Lakini alipo sipo."

Basi karatasi ikaja. Asikwambie mtu kwamba serikali hailipi fadhila, inachelewa tu. Liwali alituma mpiga ngoma kuzunguka mji mzima akitangaza kwamba meli imetia nanga bandarini na makasha ya karatasi, na kwamba karatasi namba kumi na saba inamruhusu ndugu Kitwana wa Chumvini kufa. Bi Mwanasiti alilia kwa furaha. Alishona sanda mchana huo huo. Majirani walichimba kaburi, wakapika wali wa matanga, na ndugu wa mume walioahidi kuja miaka miwili iliyopita wakaja kweli.

Kesho yake mchana, kabla makasha hayajashushwa, wapenda uhuru sitini waliingia bandarini. Walikuwa waungwana, wenye mashamba na wenye maduka, na ili wasitambulike walivaa ngozi na manyoya, wakajipaka masizi, wapate kufanana na watu wa bara, wale wale waliohamishwa kwa bunduki. Waliona kwamba ikiwa lazima mtu anyongwe kwa ajili ya uhuru, basi ni vyema wanyongwe wale. Na mpango wao ulikuwa wa busara, kwani wiki iliyofuata Liwali aliwanyonga watu wa bara kumi na mmoja, ambao hawakupata kuiona bahari.

Walipanda melini wakaanza kuyavunja makasha na kuyatupa majini. Gati zima lilipiga vigelegele. Bi Mwanasiti alijipenyeza mpaka mbele, sanda ikiwa kwapani.

"Namba kumi na saba!" alipiga kelele. "Jamani, nipeni namba kumi na saba tu! Nyingine zote tupeni!"

Mtu mmoja mwenye manyoya mengi na tumbo la Bwana Shekue aliinama kwenye ukingo wa meli.

"Mama, huoni haya? Unataka kuuza uhuru wa nchi nzima kwa ajili ya shimo moja?"

Watu wakamzomea. Waliomchimbia kaburi jana yake nao wakamzomea, kwa kuwa uhuru ni uhuru. Mabruki, ambaye alikuwa kwenye mashua ya Bwana akishika kamba, alizitazama karatasi zikipita maji yakizilamba maandishi, akajirusha. Alipotoka majini alikuwa na kipande kimoja. Maandishi yalikwisha futika yote. Ilibaki nta tu, na simba wake mwekundu, na pembeni alama ya kidole gumba cha Kitwana, hafifu. Akampa Bi Mwanasiti. Kwa kosa la kuokoa mali ya adui alipigwa viboko ishirini, na Bwana Shekue hakutoa amri ile kwa moyo mwepesi. Alisema iandikwe kwamba iliumiza pande zote mbili.

Vita vilivyofuata vilikuwa vitukufu. Vilipiganwa na maskini wa huku na maskini wa kule, vikatazamwa kwa darubini na wenye farasi. Mwaka wa nne wa vita Liwali aliikunja bendera yake akapanda meli, akiwa bado anawapenda. Inasemekana Mfalme alipopelekewa habari kwamba amepoteza Ng'ambo, aliuliza, "Ng'ambo ipi?"

Bwana Shekue akawa Rais, kwa kuwa kiti alikuwa nacho tayari. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Hati ya Uhuru. Yeye alitembea chumbani akitamka, Mabruki akiandika, na watu wawili wakimpepea Rais asizimie kwa joto la mawazo yake. "Watu wote," Rais alitamka, "wamezaliwa sawa, na hakuna awezaye kummiliki mwenziwe."

Mabruki aliinua kalamu.

"Bwana, hili neno 'wote'."

"Lina nini? Halikukaa vizuri?"

"Limekaa vizuri, bwana. Nauliza tu linafika wapi."

"Linafika mwisho wa mstari, Mabruki. Endelea."

Hati iliposomwa uwanjani, watu walilia. Bi Mwanasiti aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda mbele ya Rais na ile sanda yake, ambayo sasa ilikuwa imeota alama za njano kwenye mikunjo.

"Mheshimiwa, Mfalme ameondoka. Naomba nimzike mume wangu."

Rais alimshika mikono miwili. Macho yalimlowa.

"Mama, nchi hii changa ina kila kitu. Ina bendera, ina wimbo, ina mimi. Haina shahidi. Waliokufa vitani ni wengi, sikatai, lakini hakuna aliyewaandika majina, na ukweli ni kwamba hali zao hazitazamiki. Mumeo alikufa kabla yao wote, akiwa chini ya amri ya dhalimu. Na mikono yako imemtunza, mama. Nimemwona. Utadhani anataka kusema."

"Alikufa kwa kwikwi, Mheshimiwa."

"Na kwikwi ni nini," Rais alisema, akiwageukia watu, "kama si kifua cha mwananchi kinachokataa? Mabruki, andika hilo."

Kasoro moja ilibaki: shahidi hakuwa na jeraha. Wakaletwa askari watatu, Kitwana akasimamishwa ukutani kwa kuegemezwa ubao, akapigwa risasi tatu za kifua. Gazeti la serikali liliandika kwamba hakupepesa macho. Bi Mwanasiti alikuwa pale, akiwa amefungua mdomo, na sauti haikutoka hata kidogo.

"Lakini uliahidi," alisema baadaye, alipoipata. "Kila mtu atamzika amtakaye."

"Na ahadi ipo pale pale, mama. Mzike yeyote umtakaye. Isipokuwa huyu."

Kitwana akawekwa kwenye sanduku la kioo katikati ya uwanja. Bi Mwanasiti alipewa vyeo viwili kwa siku moja: Mjane wa Taifa, ambaye kwa sheria havui kaniki maisha yake, na Mtia Chumvi Mkuu. Kila mwezi alifungua sanduku, akamfuta mumewe, akamsugua chumvi mpya kwapani na magotini, mbele ya gwaride. Watoto wa shule walipitishwa kwa mistari. Mwalimu aliwaeleza kwamba shahidi alipigwa risasi akiwa ameishika bendera, ingawa bendera ilishonwa miaka sita baadaye. Mara moja Bi Mwanasiti alimwambia mtoto mmoja, "Huyu alikuwa anapiga mluzi akila." Mwalimu alimwandikia barua ya onyo.

Magunia ya chumvi yaliletwa na Mabruki, ambaye sasa alikuwa mali ya Ikulu. Matatu kila mwezi. Ilikuwa mwaka wa tisa wa uhuru alipoyatua chini, akapangusa jasho, akasema pole pole:

"Mama, nikileta moja badala ya matatu, nani atajua?"

Bi Mwanasiti aligeuka kuwatazama askari wa gwaride.

"Nani duniani ataweka maiti aliyeoza uwanjani?" Mabruki aliendelea. "Akiharibika watakuambia wenyewe, mama, mchukue ukamzike."

Maisha yake yote mama huyu hakupata kuharibu hata paja moja la nyama. Mwezi ule alipochota kiganja kimoja badala ya vitatu, aliona aibu, aibu ya fundi, kisha akaona kitu kingine ambacho alikuwa amekisahau, nacho ni matumaini. "Vumilia, Kitwana," alimnong'oneza. "Unakwenda zako."

Mwezi wa tatu harufu ikaanza. Mwezi wa nne askari wawili wa gwaride walizimia, wakashtakiwa kwa kulala kazini. Mwezi wa tano ikatungwa Sheria ya Pua: raia yeyote atakayekunja pua akiwa uwanjani atahesabiwa kuwa kibaraka wa Mfalme. Watu wakajifunza kupita pale wakivuta pumzi ndefu na kutabasamu. Mwalimu aliwafundisha watoto kusema, "Aaah." Wanne waliotapika walipewa miaka mitano kila mmoja, na wa tano, aliyesema kwamba ametapika kwa sababu ya mimba, aliachiliwa alipojifungua, akafungwa kwa mengine.

Huenda ingeendelea hivyo, maana watu wa Ng'ambo ni wavumilivu. Lakini sikukuu ya mwaka wa kumi ilikaribia, na Mfalme, ambaye sasa alitaka urafiki na sukari, alimtuma balozi wake aje kuweka shada mbele ya Shahidi wa Kwanza. Balozi hakufungwa na Sheria ya Pua. Ilipobaki siku moja afike, Rais alikwenda uwanjani mwenyewe saa nne asubuhi, Mabruki akiwa nyuma yake, akalitazama sanduku. Taya la shahidi lilikuwa limeanguka.

Bi Mwanasiti alipiga magoti. 

"Ameharibika, Mheshimiwa. Naomba nimzike."

Rais alilitazama tena lile taya.

"Shahidi haharibiki," alisema. "Imo kwenye katiba. Kwa hiyo kama huyu ameharibika, huyu si shahidi, tulidanganywa. Mchukue, mama. Kamzike utakapo, saa utakayo. Mimi huwa natimiza ahadi."

Bi Mwanasiti aliibusu miguu yake. Wallahi, aliibusu. Alimtazama Mabruki, na Mabruki akamtazama, wakatabasamu, watu wawili waliofanya hila moja ndogo katika umri wao wote na ikafaulu.

"Ila sanduku," Rais alisema, "haliwezi kukaa tupu." Akalizunguka akilipima kwa macho. "Mabruki, hebu simama hapa ubavuni mwake. Nyooka. Sawa kabisa. Basi toa kalamu uandike."

Mabruki akatoa kalamu.

"Mimi Rais wa Ng'ambo, kwa kuwa shahidi wa taifa la watu huru hawezi kuwa mtumwa, namwacha huru Mabruki kuanzia saa hii."

Kalamu ilikwenda vizuri mpaka ikafika kwenye jina. Hapo ikasimama. Mabruki alielewa kabla ya mama yule. Alilimalizia jina lake kwa mwandiko ule ule mzuri, akaweka nukta, akainua uso.

"Bwana, hili neno 'huru'."

"Ndiyo?"

"Linafika wapi?"

"Linafika saa sita, Mabruki."

Ndipo Bi Mwanasiti alipopiga ukelele ambao ulimshinda siku ile ya ukutani. Alimshika Rais joho. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyepunguza chumvi! Nipigeni mimi, niwekeni mimi!"

"Wewe, mama?" Rais aliitoa mikono yake kwenye joho kwa upole. "Shahidi ana ndevu. Watoto wameshamzoea. Na tena ukiingia wewe, nani atatia chumvi?"

Saa sita walimsimamisha ukutani, mtu huru wa saa mbili. Risasi zilikuwa tatu, pale pale palipopigwa za kwanza, maana balozi aliwahi kutumiwa picha. Huyu alipepesa macho. Gazeti halikuandika.

Alasiri Bi Mwanasiti alimzika Kitwana. Hakuna aliyemdai karatasi. Alimvika ile sanda ya njano, ndugu wawili wakateremka kaburini, na udongo wa kwanza ukagonga ubao. Aliisikia sauti hiyo aliyoingoja miaka kumi na sita. Wanawake walimzunguka wamvue kaniki, kama ada ilivyo. Akawatoa mikono, akasema ana kazi mjini.

Mabruki alikuwa amelazwa juu ya meza uwanjani, akimngoja. Bi Mwanasiti alimwosha mwenyewe. Alipomgeuza aliona mgongoni makovu ya vile viboko ishirini, akayahesabu, yakatimia. Kisha akakaa chini kwenye sakafu na kulia mpaka askari wa zamu akamwambia, "Mama, jua linakwenda, na mgeni ni kesho." Alijua la kufanya. Gunia moja, miezi mitano, Sheria ya Pua, na Mabruki angepata shimo lake karibu na Kitwana. Alikwisha liona hata mahali pake.

Hapo akaja mtu aliyepewa kazi ya Mabruki, gunia likiwa begani. Alilitua, akaamkia, "Shikamoo, mama." Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, ana ndevu. Bi Mwanasiti alimtazama kuanzia utosini mpaka kisiginoni, kisha akalitazama sanduku, kisha akamtazama tena.

"Wamekupa mangapi?" alimwuliza.

"Matatu, mama. Ila ni mazito. Nikileta moja leo, mengine nitaleta—"

"Yalete yote," Bi Mwanasiti alisema, akiikaza kaniki kiunoni. "Yote, mwanangu. Na uombe na la nne."

Akamsugua Mabruki chumvi ya mawe kama hakupata kumsugua mtu wala mnyama, kwapani, magotini, katikati ya vidole vile vya kuandikia, bila kuacha hata ukucha. Balozi alipokuja kesho yake na shada lake, alisimama mbele ya kioo akavua kofia, akastaajabu. Alisema kwamba utadhani huyu mtu amekufa jana.